Kengele Niliyoikalia Changamwe

Chekeni mmalize kwanza, ndipo nisimulie. Najua mmeiona ile video, na kama kuna ambaye hajaiona basi ni yeye peke yake baina ya Likoni na Lamu, maana hata muuza makaa wangu hapa Mtongwe, mtu asiyejua salamu tangu nimjue, siku hizi akiniona husema, "Shikamoo, Mama Kengele." Mama Kengele! Mimi mtu mzima, nimelea, nimezika, nimeozesha, leo naitwa kwa jina la kitu nilichokikalia. Aibu nimeipata, siwafichi, tena aibu ya nchi nzima, lakini hasira niliyo nayo inaishinda hiyo aibu, na mkishasikia mtahukumu wenyewe.

Mambo yalianzia redioni. Nchi ilikuwa ikitafuta wimbo wa kutuwakilisha ng'ambo kwenye mashindano ya mataifa, kila nchi wimbo mmoja, na tangazo likirudiwa kutwa kucha: tuleteeni asili yenu, dunia iisikie. Asili! Nilikuwa nakaanga mahamri, nikaacha karai motoni nikamwita Zuhura. Zuhura ni mtoto wa marehemu dadangu, alifiwa na mamake hajaota hata jino, nikamlea mimi, kwa hivyo huniita mama mdogo lakini mama mwingine hamjui. Na anaimba, jamani. Harusi ya Mtongwe asiyoimba Zuhura, watu hula pilau wakaenda zao. Nikamwambia, "Mwanangu, hawa wakutafuta wewe."

Basi akaenda, wakachujwa, wakachujwa tena, mpaka wakabaki waimbaji watatu nchi nzima na Zuhura wetu yumo. Mtihani wa mwisho ukapangwa ukumbi mmoja mkubwa wa Changamwe, mchana, na televisheni ikionyesha moja kwa moja. Nikafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye ukoo angelifanya: nikakodi basi, nikajaza mtaa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Zuhura akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama mdogo, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho msiinuke. Jukwaani hawatakiwi kuzidi watu sita, na sisi tushafika sita, mimi na wapigaji wangu. Kaeni vitini, mupige makofi mwisho."

"Hata kukutuza?"

"Hata kunituza."

Hapa wa bara mtanivumilia nieleze. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo hukai ukamkodolea macho kama uko hospitali unangoja sindano. Unainuka, unakwenda kumtuza, noti mkononi, mabega yakicheza, unamtilia kiganjani, naye anaurudia ule ubeti uliokuinua ili watu wote wajue umekugusa. Mwimbaji asiyetuzwa ametukanwa bila mtu kufungua mdomo. Hata hivyo nikamwambia, "Inshallah, mwanangu, hatutainuka," na mimi nikisema inshallah nina maana yake, si kama wale wanaoitumia kumfukuzia mtu mlangoni. Ila asubuhi, nikijifunga leso, mkono wenyewe ulichukua noti ukaifunga kwenye pindo. Mazoea tu. Leso bila noti pindoni naiona kama chai bila sukari. Nawaapia, balaa lote lilianzia kwenye lile fundo.

Tukapita Dongo Kundu, tukafika, tukaketishwa mbele kabisa, nyuma ya meza ya majaji. Jaji mkuu alikuwa bwana mmoja wa miwani, mezani kwake pana kengele kubwa nyekundu ya kubonyeza. Akaeleza sheria zake: wimbo dakika tatu, jukwaani watu sita, na kengele ikilia vipaza sauti vinakatika vyenyewe na mwimbaji ametoka. Kama mwizi wa kuku.

Wa kwanza akaimba, sina la kusema juu yake. Wa pili alikuwa kijana kutoka Nairobi, koti la kumeta, moshi wa mashine ukimfuka miguuni, akaimba kwa Kiingereza wimbo wa mapenzi wenye theluji. Theluji! Changamwe, jua la saa nane, mimi jasho linaniingia machoni, na huyu analia theluji imemwangukia moyoni. (Sauti anayo, nisimdhulumu, lakini theluji ameiona wapi, kwenye friji?) Majaji wakatikisa vichwa kukubali, wanavyotikisa watu waliosoma. Nikajiuliza, hii ndiyo asili tuliyoitwa kuileta?

Kisha akapanda Zuhura. Ngoma ikaanza taratibu, ile ya kwetu ya kiunoni, na mtoto akafungua mdomo. Ubeti wa kwanza sijambo. Ubeti wa pili sijambo, nimeikalia mikono. Wa tatu akanigeukia mimi, mimi hasa, akaimba, "Naliachwa ni mkembe, mlezi hakunichoka." Mkembe ni mtoto mchanga, na huyo mlezi ndiye mimi niliyekaa hapo na machozi yananidondoka kidevuni. Hakuwahi kuniimbia ubeti huo nyumbani. Alikuwa ameuficha.

Na bado nilikaa! Nataka hilo liandikwe mahali. Nilikaa kitini mpaka Bi Saumu, jirani yangu, mwanamke ambaye ulimi wake ukipita kwenye maziwa yanaganda, akainama nyuma ya sikio langu akasema, "Mbona yuwaimba watu wamemtumbulia macho? Kwani huyu mtoto hana wenyewe?"

Hana wenyewe! Mtoto niliyemlea kwa mikono hii, nchi nzima inamtazama, anasimama anamwimba mlezi wake, na mlezi mwenyewe amekaa kama gogo. Sikumbuki kulifungua lile fundo. Nakumbuka noti iko mkononi, viatu nimeviacha chini ya kiti, nami napanda ngazi za jukwaa mabega yakitangulia.

Zuhura aliponiona macho yalimtoka, lakini mazoea ni mazoea: alipoipokea ile noti, kinywa chake chenyewe kikaurudia ubeti. Hapo ndipo basi zima lilipoinuka. Ungewazuiaje? Mmoja akishapanda, anayebaki kitini ndiye mwenye choyo. Na wa kwanza kupanda nyuma yangu ni nani? Bi Saumu! Kijana mmoja wa televisheni, vifaa vya kusikilizia masikioni, akawa ananipungia mikono, "Mathe, shuka! Shuka bana, tuko laivu!" Nami namjibu, "Ngoja nimalize ubeti, mwanangu."

Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao juu ya makreti, limetengenezwa kwa watu sita wembamba. Sisi tulikuwa Mtongwe nzima, na wengi wetu tumelishwa vizuri. Ule moshi wa mashine, sijui aliyeuachia alikusudia nini, ukatufunika, sioni mbele sioni nyuma, Bi Saumu akalikanyaga buibui langu, nikavuta, akakanyaga zaidi, nikasema nitalivuta kwa nguvu moja ya mwisho, na hapo akaliachia. Nilirudi kinyumenyume mpaka mbao zikaisha. Nikatua juu ya meza ya majaji, nimekaa kitako, na chini yangu ikalia kengele.

Ililia, jamani. Vipaza sauti vikakatika vyote, ngoma ikakatika, sauti ya Zuhura ikakatika katikati ya neno, ikabaki kengele peke yake, nami nilivyo mzito na nilivyoduwaa sikuelewa kwamba nikikaa ndivyo inavyozidi kulia.

Jaji mkuu akainamisha miwani. "Mama, tafadhali inuka. Umekalia kengele."

"Na wewe umekalia masikio!" nikamjibu. Kuinuka niliinuka, lakini sikunyamaza. "Mlisema muletewe asili. Asili yetu ndiyo hii, huja na watu wake!"

"Sheria ni watu sita, nami nimehesabu mpaka nimechoka. Na kengele ikilia, mwimbaji ametoka."

"Kengele hukuipiga wewe! Nimeipiga mimi, tena si kwa mkono!"

"Sheria haisemi apige nani," akasema, akageukia karatasi zake, na ndivyo Zuhura wangu alivyotolewa. Nchi yenye watu wote hawa ikaambiwa wimbo wake ni wa theluji. Mimi hadi leo nauliza: kama mnaitaka ngoma ya Pwani lakini watu wa Pwani wasiinuke, si mchukue kanda mkasikilize nyumbani kwenu?

Lakini hasira yangu yote haikunisaidia kwenye basi. Zuhura alikaa dirishani, noti yangu bado ameikunja mkononi, akasema neno moja tu. "Nilikuomba." Basi. Baada ya hapo wiki kwa wiki akawa ananijibu "abee" na "naam" za heshima kamili, na hakuna kitu kinachouma kama heshima ya mtu aliyekukasirikia ndani ya nyumba yako. Akaacha kuimba. Hata akifua, haimbi. Mtaa unanicheka kwa kengele, nami nyumbani nakosa sauti niliyoizoea miaka yote.

Siku ya mashindano yenyewe huko ng'ambo niliwasha televisheni kwa shari, nimwone yule kijana akishindwa. Zuhura akatoka chumbani, akakaa mwisho wa mkeka. Kijana akapanda, koti lile lile, na huko walikompeleka theluji wanayo yao, kwa hivyo yake haikumshtua mtu. Aliimba vizuri, kusema kweli. Akamaliza. Watu wakapiga makofi vitini mwao, makofi ya adabu, naye akasimama katikati ya lile jukwaa pana, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeahidiwa kupokewa stendi na hakuna aliyekuja. Ile shari yote ikanitoka, nikataka kupita ndani ya kioo nimpelekee japo maji.

Zuhura alitazama sana. Kisha akasema, taratibu, "Mama mdogo, kwani huyu hana wenyewe?"

Akasogea mkekani, akaniegemea begani, na huku tukimtazama yule kijana akishuka peke yake nikamsikia mwanangu anauimba chinichini ubeti wa tatu.

Kwa hivyo naapa mbele yenu nyote: penye meza yenye kengele mimi sitii mguu tena, hata waje kunichukua kwa gari mlangoni. Ila Ijumaa kuna harusi nyumba ya pili, Zuhura anaimba, na noti yangu nishaifunga pindoni.