Kigari cha Betri Hadi Boito

Tangu Chebet aache kazi ya nyumba kwa bosi wetu wa shamba la chai na kurudi kwao Boito, hata chai haikuninogea. Jumapili nikachukua kigari cha betri cha bosi, kile cha kuzungukia shamba tu, nikamfuata. Kilizima langoni kwao. Sikujali, waya wa kuchajia nilikuwa nao. Mamake Chebet akatoka.

“Mama, soketi iko wapi? Gari langu limeisha chaji.”

“Kijana, huku stima haijafika.”

Mimi, mtoto wa nyumba za kampuni ya chai, nilidhani kila ukuta una soketi.

Babake Chebet akafunga ng'ombe wawili kwenye kigari wanivute hadi penye stima. Njiani nikasikia sauti niliyoitamani miezi yote tangu aondoke. Chebet alikuwa anatoka kanisani.

“Baba, mbona unavuta gari la bosi wangu wa zamani?”