Dada Alivyokula Udongo wa Bondeni

Kazi yangu ni kuhesabu aina za udongo. Ukisema hivyo kwetu Manzese watu wanakutazama kwa huruma. Dada yangu ndiye alikuwa balaa zaidi. Wateja wakija dukani kwetu anawaambia, "Huyu mnayemwona kasomeshwa mpaka chuo kikuu aje kuchimba mashimo kama panya buku." Mie nilishazoea.

Wakati huo nilikuwa napima mteremko mmoja kule Boko. Juu udongo ni mwekundu wa kichanga, katikati unapauka, na chini bondeni ni mweusi, mzito, ukikamata kiatu hauachii. Nilitaka kujua kwenye mteremko mmoja tu zipo aina ngapi, na kwa nini zimejipanga hivyo. Mvua ndiyo mpangaji. Maji hubeba chembe laini za kilimani na kuzilaza bondeni, miaka nenda miaka rudi; kilima kinakonda, bonde linanenepa. Nilikuwa namweleza dada haya kila tukikaa kula, naye anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka.

Sampuli zangu nilizianika stoo ya dukani, nyuma ya magunia ya mchele, kila moja na sinia lake. Asubuhi moja nikakuta sinia la bondeni limebaki vumbi. Yale mengine hayajaguswa. Si panya huyo, panya hachagui.

Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza iliharibika, na nyumbani kwetu hakuna anayeitaja. Nilimkuta uani anatafuna, midomo myeusi tii.

"Dada! Umekula sampuli yangu?"

"Nimeonja."

"Sinia zima?"

"Mtamu, mdogo wangu, sikufichi. Ule mwekundu wako mchanga mtupu, lakini huu unayeyuka wenyewe. Kumbe kazi yako ina maana!"

Ningemfokea, ila na mie nikiwa shimoni huwa natafuna punje ya udongo nijue ulaini wake, na yeye anajua. "Wewe unakula kwa cheti, mie nakula kwa hamu," akasema. Mama huko jikoni akacheka mpaka akaachia mwiko. Nikacheka na mie.

Halafu kicheko kikanikauka. Cha juu hushukia bondeni. Si ndiyo nilikuwa nawahubiria kila siku? Na juu ya mteremko ule siku hizi kuna nyumba, nyumba zina vyoo vya shimo, na masika vyoo vinafurika. Vyote hivyo vinaishia wapi? Kwenye sinia langu. Jamani, niliogopa. Akilini nilimwona mtoto aliye tumboni mwa dada yangu anaumwa kwa sababu ya udongo nilioubeba mwenyewe kutoka Boko.

"Vaa baibui, twende kliniki."

"Nikawaambie nimekula kiwanja cha watu?"

Kila tulipomuuliza habari za kliniki alikuwa na utani wa kutujibu, na sie tukacheka tukaacha. Safari hii sikucheka. Nilimshika mkono nikamtoa nje, naye njia nzima ananiita daktari wa matope.

Nesi alikuwa mama mtu mzima. Tukamwamkia, nikamweleza udongo ulikotoka na vinavyoshuka nao. Naye hakucheka. Akachukua vipimo, akamvuta dada kope la chini akatazama, akasema damu imepungua sana. "Hamu ya udongo mara nyingi inakuja na hali hii. Sasa mama, uchungu ungekukuta hivi..." Akamwandikia dawa za damu na za minyoo, akamlaza, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu.

"Mtoto yupo, mapigo yake mazuri," akasema.

Dada akaangua kilio. Dada huyu huyu, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, alilia mpaka kitanda kikatikisika.

Nesi alipotoka nikamuuliza, "Kwa nini hukuja siku zote hizi, dada?"

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ile ya kwanza nilikuja kupima tu, mzima, kwa miguu yangu. Ndipo wakaniambia mtoto hayupo tena," akasema. "Nisingepima, ningekaa naye siku mbili tatu zaidi."