Chumba cha Kaka Hamisi

Mwanangu, naikumbuka siku ile baba aliporudi kutoka mwaloni, bandari ya mitumbwi pale Ujiji, na Mama Riziki, mkimbizi wa Kongo, akiwa na wanawe na kifurushi kimoja. Kwetu Kasingirima mgeni halazwi sebuleni, hupewa chumba. Na chumba cha kutolewa kilikuwa kimoja tu, cha kaka yangu Hamisi kule uani.

Kaka alikuwa mtu mzima na ndevu zake. Hali yake siku hizi mnaiita usonji, sisi tulisema tu ndivyo alivyo. Alikuwa na maneno machache, kelele zilimuumiza, na sufuria yake haikuguswa na mtu. Lakini alianika dagaa akapata riziki yake, akajipikia, akafunga mlango wake mwenyewe. Nilimpenda sana, hata aliponifukuza nikitaka kumfagilia.

Baba akasema Hamisi atalala ndani nasi, tena ni heri, tutamtunza vizuri. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Tulihamisha godoro lake akiwa kwenye dagaa.

Aliporudi alisimama mbele ya chumba chake, sufuria mkononi, akiyumba mbele na nyuma. Chakula cha mama alikikataa. Baba akamwambia Mama Riziki asijali, huyo ni kama mtoto, atazoea.

Mama Riziki alimtazama kaka kitambo, kisha akaanza kutoa mkeka wake nje. Baba akamzuia.

“Mzee, huyu si mutoto,” akajibu taratibu. “Miye nilitolewa mu nyumba yangu, najua vile inauma. Siwezi kutoa mutu mu yake.”

Baba, ambaye hakuwahi kushindwa ubishi mtaa mzima, akampisha na mkeka wake. Wageni wakalala sebuleni, aibu tukaimeza. Kaka akarudisha godoro lake, na punde tukamsikia akisonga ugali. Mama alilia kwa furaha.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni yule alituponya kweli.

Nawe una ndugu wa namna hiyo, mwanangu, na najua unavyompenda. Usimpende hadi ukamnyang'anya maisha yake. Akikwama, msaidie. Akiweza, mwache afanye, hata kama wewe ungefanya haraka zaidi. Na jambo linalomhusu, muulize yeye kwanza, umngojee ajibu kwa namna yake.

Mungu akujaalie heri nyumbani kwako, na nduguyo amjaalie heri kwake.