Baba Mkwe Amekalia Injini

Siku moja ya masika haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na jana ulinikumbusha. Ulinionyesha kwenye simu lile gari la mbio lenye injini katikati, nyuma ya dereva, ukacheka kwamba fundi akitaka kuifikia lazima ahangaike na viti kwanza. Mimi sikucheka.

Baba yako alikuwa na kirikuu, kile kigari cha mizigo ambacho injini yake imelala chini ya viti vya mbele. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza uliponishika tukiwa Idete, alinilaza nyuma juu ya godoro anipeleke hospitali Ifakara, shangazi yangu akanishika mgongo, na baba yangu mzazi akapanda mbele. Mkwe hapandi nyuma na mizigo, hilo halina mjadala.

Hatujafika mbali, nikasikia harufu ya kuungua. Baba yako akasimamisha gari, akashuka, akalizunguka, akapiga teke tairi ambalo halikuwa na kosa lolote, akarudi kuendesha. Nilijua anachotaka: kiti cha abiria kiinuliwe. Lakini ndoa yetu ilikuwa changa, na kwetu mkwe haambiwi inuka, tena mvua inanyesha. Nami nikanyamaza, nikauma kanga. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tunaficha huku nazaa.

Gari likaanza kukohoa. Akashuka tena, akarudi tena. Shangazi akaanza rozari kwa sauti, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana yeye hakuwa mtu wa kusali mbele za watu. Mara mvuke ukafuka kati ya miguu ya baba yangu, gari likazima katikati ya mashamba ya mpunga.

"Deo," baba akauliza, "injini ya gari hili iko wapi?"

Baba yako akatazama usukani. "Baba, umeikalia."

Mzee alishuka kwenye tope na viatu vyake vya kanisani, wakainua kiti pamoja, wakakuta mpira wa maji umechomoka. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kungoja injini ipoe ndiko kulikotumaliza.

Kaka yako alizaliwa Ifakara, akachelewa kulia. Mkono wake wa kushoto unauona ulivyo. Daktari hakusema kama ni kwa sababu ya njia, na mimi sijathubutu kuuliza.

Shangazi alinisimulia kwamba nje ya wodi baba alimshika mkwewe bega, akamwambia, "Ungeniambia niinuke. Hiyo ndiyo ingekuwa heshima."

Heshima si utumwa, mwanangu. Karibuni utaolewa. Wakwe zako wapigie magoti, wape shikamoo, wape kiti kizuri. Lakini siku mtu anaumia, na njia ya kumwokoa iko chini ya mkubwa aliyekaa, mwambie ainuke. Mwambie kwa adabu, na umwambie mapema.

Mungu akupe wakwe wanaosikia, akupe na mdomo wa kuwaambia. Na siku yako ikifika, mtoto wako alie mara moja.