Jumamosi Ploti Ikiwa Kimya

Tangu mwezi wa pili, Odoyo hakuweza tena kulala mchana wa Jumamosi.

Alikuwa mtu wa mitambo katika kiwanda cha majani chai upande wa Itumbe. Mavuno yakipamba moto alipewa zamu ya usiku, akatoka Jumamosi asubuhi macho yakimwasha. Mkewe, Eucabeth, alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani, na alikuwa amemwachia watoto wawili: Akumu wa miaka tisa, na Ochanda, ambaye hakuwa ametimiza miwili. Usiku wa zamu walilala kwa Nyakerario, jirani wa mlango wa tatu. Jumamosi asubuhi Odoyo aliwachukua, kisha akaanza: sare za shule, mashuka, nepi, kupiga deki, kuchemsha maharagwe ya wiki nzima. Kulala kulikuja mwisho, kama kulikuja.

Karibu wapangaji wote wa ploti walimoishi walikuwa Wasabato. Jumamosi ikifika saa tatu walikuwa wamekwenda kanisani, na kila mlango ulikuwa na kufuli. Odoyo, mtu wa Homa Bay aliyezoea kusali Jumapili, aliipenda siku hiyo. Mfereji na kamba za nguo vilikuwa vyake peke yake.

Siku ile ya mwezi wa pili aliloweka mashuka kwenye karai, akamwambia Akumu amwangalie mdogo wake, kisha akaketi mlangoni kidogo tu, apumzishe mgongo. Alichosikia baadaye ni sauti ya mwanamke. Nyakerario alikuwa amemtoa Ochanda kwenye karai, amemshika kichwa chini, akimpiga mgongoni kwa kiganja, na povu la sabuni likimtoka mtoto puani. Ilichukua muda. Halafu mtoto akakohoa, akatapika, akalia.

Nyakerario alikuwa amerudi kutoka kanisani kuchukua miwani aliyoisahau. Hakumlaumu mtu. Alimfunga mtoto kwa kitenge chake, wakamkimbiza zahanati, tabibu akasikiliza kifua na kusema amepona.

Odoyo hakumwambia Eucabeth. Lakini ile miwani ilimwandama. Alikuwa kazini, majani yakipita mbele yake, akaiona iko juu ya meza ya Nyakerario, imesahauliwa. Kisha akaona meza tupu, miwani iko kanisani kwenye mkoba wa mwenyewe, na ploti iko kimya.

Kuanzia hapo alifua akiwa amemfunga Ochanda mgongoni. Kila mara ploti ilipotulia, aliangusha alichoshika na kwenda kuhesabu watoto, ingawa ni wawili. Maharagwe yaliungua. Nguo zilianikwa na povu lake. Kiwandani alisinzia akiwa amesimama karibu na mashine ya kukaushia, na msimamizi akampa onyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, akipiga deki, alimtazama Akumu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa ameketi kizingitini, ameshika shati la mdogo wake kwa nguvu kama anayeshika kamba ya ng'ombe. Odoyo akamwambia aende akacheze na wenzake ng'ambo ya barabara. Alikataa. Alipomwambia tena, mtoto alijibu bila kumtazama.

"Nikienda atakufa."

Odoyo aliacha kitambaa cha deki. Akumu akaeleza kidogo kidogo. Siku ile alikwenda chooni, akaona paka amezaa nyuma ya ukuta, akakaa kutazama vitoto vyake. Hakuwa amesahau kwamba ameambiwa amwangalie Ochanda. Alitaka tu kuviona. Tangu hapo, usiku kwa Nyakerario, alikuwa akiamka kuweka kiganja mbele ya pua ya mdogo wake kuona kama anapumua.

Odoyo aliketi pale pale kwenye sakafu yenye maji.

"Akumu, aliyelala ni mimi. Kumwangalia Ochanda ilikuwa kazi yangu."

"Lakini uliniambia mimi."

"Nilikosea kukuambia. Wewe ni mtoto."

Akumu alilia, na Odoyo akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

Siku hiyo hakumaliza deki. Alimpigia Eucabeth simu akamweleza yote. Eucabeth akauliza kama Ochanda anakohoa, kama anakula. Mwisho akauliza, "Na wewe unalala saa ngapi?" Odoyo akasema nguo bado hazijafuliwa. "Acha nguo zikae chafu," Eucabeth akasema. "Kalale."

Jioni alikwenda kwa Nyakerario. Yule mama alimwambia kwamba wao humaliza kufua na kupika Ijumaa, ili Sabato ibaki bila kazi, na kwamba alikuwa ametaka kuwachukua watoto kanisani tangu siku ile ya zahanati, ila aliuogopa uso wake Odoyo ulivyokunjamana. Wakapatana. Jumamosi watoto wangekwenda naye, na Odoyo angefua Jumapili alasiri, ploti ikiwa imejaa watu, hata kama kamba ni za kugombania.

Jumamosi ya kwanza alijilaza, akaamka, akajilaza tena. Mwisho akavaa viatu akapanda mpaka kanisani, akachungulia dirishani. Ochanda alikuwa amelala mapajani mwa bibi mmoja asiyemjua. Akumu alikuwa akiimba kwa Ekegusii, lugha ya majirani, midomo ikichelewa kidogo nyuma ya wengine. Odoyo akarudi nyumbani.

Jumamosi ya tatu alilala kwa saa mbili nzima. Siku hizi hulala hivyo, redio ikiwa imewashwa na mlango wazi, kwa sababu kimya cha ploti bado hawezi kukivumilia. Mashati yake huyavaa kazini bila kuyapiga pasi, na hakuna aliyemuuliza.