Sabuni ya Rozina, Pua ya Odeta

Miaka ile Igoma kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Aliyekuwa karani wa serikali juzi, leo ungemkuta na fungu la mitumba, na kila penye ukuta palichomoza kibanda. Rozina, mke wa Ojuok fundi wa kuchomelea mageti, naye hakutaka kupitwa. Kwao ni ufukweni, Mara. Kazaliwa kwenye samaki, kakulia kwenye samaki. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipoanza kutoa mafuta ya sangara kwa madebe, wenzake wakayakaangia maandazi. Rozina yeye aliona sabuni.

"Sabuni ya samaki?" Ojuok aliuliza, miwani ya kazi ikiwa kipajini.

"Ya mafuta ya samaki. Sabuni zote ni mafuta. Ulidhani zinachimbwa?"

Ojuok akachukua pipa akalikata katikati, akamtengenezea na vibati vya kumiminia. Kupika Rozina alikujua tangu usichana, alifundishwa misheni: mafuta, maji na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, halafu unakoroga mpaka mkono ukatae. Ikaganda vizuri, ngumu, nyeupe kidogo. Akafurahi hadi akashindwa kula.

Kwa kuwa hakuwa mjinga, hakukimbilia kuiuza. Aliipeleka kwanza kwa dada yake Adongo, aliyeolewa Ilemela kwenye mwalo, pale mitumbwi inapopakua na wanawake wanaanika dagaa mchangani. Wakafua magauni, wakafua mashuka, povu likafika viwikoni. "Mdogo wangu," Adongo alisema, "hii inaishinda ya dukani." Wenzake wote wakaitikia.

Na hapo ndipo Rozina alipoliwa. Watu wa mwaloni wana nyavu uvunguni na dagaa juu ya bati; wanalala na samaki, wanaamka na samaki. Kumuuliza mtu kama huyo iwapo kitu kinanuka samaki ni kumpotezea muda wake. Rozina mwenyewe pua yake ilikuwa ya huko huko.

Alirudi Igoma kifua mbele, akaenda moja kwa moja kwa Odeta. Odeta alikuwa mshonaji, mtu mzima asiyependa mchezo, na ndiye aliyeongoza kwaya ambayo Rozina aliimba. Magauni meupe ya kwaya aliyashona kwa mkono wake na kuyatunza kuliko alivyojitunza. Rozina akaomba ayafue yote kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. Odeta akakubali. Yalipokauka kwenye upepo yaling'aa, na hakuna aliyesikia harufu yoyote.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Lakini kanisa lile lilikuwa la bati, jua lilikuwa kali, na waimbaji wa Igoma hawaimbi wakiwa wamesimama tu. Wimbo wa pili miili ilipata moto, jasho likatoka, na sangara naye akatoka. Sauti ya tatu wakaanza kutazamana. Mchungaji akasogeza kiti. Paka wa mlinzi akaja akaketi mlangoni, macho kwa kwaya, mpole kuliko waumini wote. Mpaka sadaka inakusanywa kanisa zima lilikuwa mwaloni.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Odeta aliyaloweka magauni upya kwa ndimu, akamwambia kwa upole kwamba kuanzia sasa atayafua mwenyewe. Sokoni wakaibatiza sabuni jina, wakaiita Kitoweo. Rozina aliacha kwenda mazoezini. Ojuok alimwambia kwa nia njema kabisa kwamba pipa lile lingefaa sana kuchomea mahindi.

"Liguse uone," Rozina alimwambia.

Utajiri hakuuwaza tena. Alichotaka ni kimoja: Odeta amkabidhi tena yale magauni meupe. Kila alipopita mbele ya cherehani ya Odeta uso ulimshuka kwa aibu, na aibu ile ndiyo iliyomrudisha kwenye pipa.

Akatia manukato. Ikanuka kama sangara anayekwenda harusini. Akazidisha kostiki, ikamchubua vidole. Akaacha sangara, akajaribu mafuta ya pamba peke yake. Sabuni ikalala kwenye kibati laini kama uji, ikakataa kuamka. Na kila aliyoipika alipeleka kipande mwaloni, na kila mara Adongo alisema, "Nzuri sana, mdogo wangu." Aliposifia hata ule uji, Rozina akaelewa kwamba Adongo angesifu hata jiwe, kwa sababu anampenda. Alimkumbatia, akapanda gari kurudi Igoma, na safari hii akajikaza, akaenda kwa mtu asiyemwonea huruma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeleta nini tena?"

"Nimeleta unuse."

Odeta alisimamisha cherehani. "Mimi nitakwambia ukweli, Rozina. Usije ukanililia hapa, hivi vitambaa ni vya watu."

"Sitalia."

Odeta akanusa. "Samaki," akasema, akaendelea kushona. Rozina alipofika mlangoni, Odeta akamwita. "Tena usiniletee kavu. Kavu inadanganya. Fulia kitambaa, ukivae, utembee juani, ndipo uje."

Tangu hapo Igoma walizoea kumwona Rozina mchana wa jua kali, kitambaa shingoni, akipanda na kushuka kilima bila safari yoyote, kisha anaishia kwa Odeta na kuinama anuswe. Samaki. Samaki. Samaki kidogo. Aliacha mafuta ya jana na juzi, akawa anayachukua kiwandani yangali mabichi. Akayachemsha kwa maji ya chumvi, akamwaga maji yale na uchafu wake. Akayachanganya na mawese yanayokuja kwa treni kutoka Kigoma. Siku moja Odeta alinusa, akanusa tena, akakibakiza kipande cha sabuni alichokuja nacho Rozina, akaendelea kushona. Rozina hakulala kwa mawazo.

Jumapili ya Matawi ikafika. Kwaya ilitembea na matawi yake kuzunguka Igoma nzima, juani, vumbi hadi magotini, na Rozina akifuata nyuma kabisa na waumini wengine. Walipofika kanisani Odeta alitoka kwenye mstari, uso unamtiririka jasho, gauni limegandana na mgongo. Akaja mpaka kwa Rozina.

"Hili nimelifua kwa sabuni yako. Langu tu. Nilisema kama ni aibu, nipate mimi kwanza." Akanyanyua mkono. "Nusa."

Rozina alisita. "Dada, pua yangu ni ya mwaloni. Siiamini."

"Nami siiamini," Odeta alisema. "Ndiyo maana nimewanusisha wenzangu njia nzima. Jasho tu. Jasho langu mwenyewe." Akaushusha mkono. "Kesho njoo uchukue magauni ya kwaya yote, Pasaka imefika. Na mazoezini urudi, sauti ya kwanza inayumba."

Rozina alikuwa ameahidi kutolia. Alilia pale pale mlangoni, kwenye bega la gauni jeupe la Odeta, na Odeta akamwacha alie.