Nduma Iliyopima Safari ya Ndege

Juzi nilipita pale Thika palipokuwa na kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge. Siku hizi ni maghorofa, na nepi zinaanikwa pale magurudumu yalipokuwa yakigusa chini. Nilicheka peke yangu mpaka askari wa geti akanitilia shaka. Kaa, rafiki yangu, nikuambie.

Miaka ya hamsini nikiwa msichana mdogo, kile kiwanja ndicho kilichokuwa mahali pekee tambarare karibu na kambi ya wafanyakazi, kwa hivyo akina mama walianika mazao pembeni. Siku moja cucu, yaani nyanya yangu, alianika maharagwe yake yote ya mbegu. Nyapara, jitu ambalo tumbo lake lilifika kazini saa nzima kabla ya mwenyewe, aliyasigina matopeni kwa buti.

"Ondoa takataka zako, mzee! Hii njia ni ya ndege!"

Mpaka leo nasikia zile mbegu zikipasuka. Tungepanda nini? Cucu hakulia. "Sawa, baba," alisema. "Tutaonana."

Sasa, kila mwisho wa mwezi mzungu wa shamba alipanda na nyapara kwenye kindege chake hadi kiwanja cha shamba la kahawa kule Ruiru, akamsaidie kupakia spea. Nyapara alirudi jioni yuko hoi, na mkewe, mama mwenye mikono kama mapipa, alimchinjia kuku. "Ruiru kwa ndege ni siku nzima, mama," alimweleza. "Huko juu kuna kona kuliko barabarani." Kambi nzima iliamini. Nani alikuwa amewahi kupanda?

Mkewe alishinda kwenye kiwanda cha mkonge, hakuona kitu. Cucu alilima kando ya kiwanja, na macho yake yangeona sisimizi akipiga chafya kule mbali Mugutha. Mwezi uliofuata alimsihi yule mama asiende kazini.

Ndege ikapaa, nyapara akipunga mkono kama mfalme. Cucu akatumbukiza nduma, gimbi moja kubwa, kwenye sufuria motoni. "Keti tumngoje, mwanangu." Maji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuchemka, mara mngurumo. Ndege ikatua, mzungu akashuka na spea zake. Nyapara hayupo.

"Labda amebaki kwenye kona," cucu alisema, akipuliza moto.

Yule mama aliichomoa nduma ingali mbichi, akaenda nayo.

Jioni nyapara alifika akinukia pombe na marashi ya kike yasiyo ya mkewe. "Leo upepo ulitusumbua, mama. Tumetua sasa hivi."

Mkewe akamwekea nduma mbele yake. "Hii iliingia motoni ukipaa. Ilikuwa bado mbichi ndege iliporudi. Wewe ulishukia kona gani?"

Nyapara alikatiza shamba la mkonge mbio, akafika Ruiru kabla ya mavumbi yake! Aliporudi asubuhi, mkewe alimleta kwetu akiwa amejitwika debe la maharagwe, nyapara akayapanda mwenyewe, ameinama, cucu akimwonyesha mashimo. Sijawahi kuona kilimo kitamu kama kile.

Cucu hayupo tena, mkonge umeng'olewa, mngurumo umenyamaza. Kwa jamu ya magari ya leo, kutoka Thika hadi Ruiru unaivisha gunia zima la nduma. Mimi nilimaliza shule ya usiku, naweza kukupigia hesabu ya mwendo kwa kanuni. Lakini yule nyapara akifufuka kesho, sitafuti kalamu. Naweka sufuria motoni.